Filamu Inayomngoja Mzee Kamis

2 Aprili, Jumatano

Mzee Kamis amerudi kazini. Alikuja kwa miguu yake kutoka barabarani, mkono wa kulia ukiwa mfukoni kana kwamba ameuweka huko kwa kupenda. Tangu apate kiharusi mwezi wa kwanza, banda letu la video limekuwa likionyesha filamu zilizokwisha kusimuliwa na vijana wa studio, zinazoletwa kwenye flashi. Watu huingia, hutazama, hutoka. Hakuna anayebishana na flashi.

Mzee ndiye vijee wetu, msimulizi wa filamu. Filamu ya Kichina au ya Kihindi inakwenda kwenye skrini, yeye anakaa kando na maikrofoni, anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini na kuyageuza papo hapo kuwa maneno yetu. Jambazi humpa jina la mteja mmoja aliyeketi ndani. Mabanda mengine husimulia kwa Luganda. Sisi hapa Bugolobi, upande wa viwandani, tunapata walinzi, askari wanaoshuka kutoka kambi ya Mbuya, Wakongo, na Waacholi kama mimi, kwa hiyo Mzee husimulia kwa Kiswahili. Kazi yangu ni kompyuta na mlango.

Afande Odoch, mwenye banda, sajenti mstaafu, alimpokea kwa saluti, kisha akasema, "Mzee, nakupa mpaka mvua ya msimu iishe. Kama mdomo inarudi, sawa. Kama hairudi, tunabaki na flashi. Hakuna ubaya."

"Hakuna," alisema Mzee. Tukangoja. "Ubaya."

Odoch alikuwa ameshageuka kwenda zake.

3 Aprili

Mvua kutwa. Watu sita. Mzee alifanya mazoezi na katuni.

5 Aprili, Jumamosi

Siku mbaya. Banda lilijaa kwa sababu habari ilienea kwamba Mzee amerudi. Aliwasalimia, wakapiga makofi, nikaanzisha filamu ya mpishi wa Kichina anayelipiza kisasi cha baba yake. Kwa muda mfupi ilikuwa kama zamani. Kisha wahusika wakaanza kubishana, maandishi yakaja harakaharaka, na Mzee akaachwa. Akili yake haikuachwa. Nilimwona macho yakisoma mstari, uso ukielewa, hata kicheko kikianza. Ila mdomo ulileta neno wakati mstari wa tatu umeshapita.

Nilikimbia kutoka mlangoni nikasimamisha filamu kwa kidole. Nikaiachia. Nikaisimamisha tena.

Okwera, yule polisi wa Acholi anayekaa safu ya mbele na kusema kuliko filamu, akapiga kelele, "Lamwaka! Hiyo mashine yako imekula nini?"

Watu walicheka. Mzee pia alicheka, kwa upande mmoja wa uso. Lakini wakati nimeshika kitufe, watu watano waliingia bila tiketi, na Odoch aliwaona.

8 Aprili

Nimepata kitu. Nilikuwa natafuta kwenye maelezo ya programu yetu ya kuchezesha filamu kama kuna namna ya kuifanya ipunguze mwendo yenyewe. Haipo. Lakini kuna ukurasa unaosema kwamba ukitaka programu iwe na tabia ambayo walioitengeneza hawakuifikiria, unaweza kuiandikia mwenyewe. Unaandika faili fupi kwa lugha iitwayo Lua, unaiweka kwenye folda fulani, na programu ikiamka inaisoma na kuitii.

Nilivyoelewa: Lua ni lugha ndogo ya kompyuta iliyotengenezwa ili ikae ndani ya programu nyingine. Haikusudiwi kutawala mashine nzima. Programu kubwa ndiyo mwenyeji, nayo humwambia mgeni wake: filamu hii hapa, mwendo wake huu hapa, maandishi ya chini haya hapa, fanya upendavyo. Watu huiweka hata ndani ya michezo ya kompyuta.

Nilimaliza sekondari, S.6, na hesabu nzuri, ila sikusoma kompyuta. Nitajaribu.

9 Aprili

Katika Lua kuhesabu vitu huanza na moja. Kwenye mtandao watu wengi wanalalamika kwamba lugha nyingine huanza na sifuri. Sikuona tatizo. Hata mimi nikihesabu mabenchi naanza na la kwanza.

10 Aprili

Faili yangu ya kwanza imefanya kazi. Ukibonyeza herufi M, skrini inaandika "Shikamoo Mzee". Nilimwonyesha Mzee. Akabonyeza mara nyingi. "Sasa," alisema, "hii... ndiyo adabu."

12 Aprili, Jumamosi

Jaribio la kweli la kwanza. Nimepata programu nyingine ndogo inayopima sauti ya maikrofoni na kuandika namba kwenye faili. Lua yangu inaisoma namba hiyo. Mzee akiwa bado anasema wakati mstari unaisha, filamu inasimama kumngoja. Akinyamaza, inaendelea.

Nilikaa mlangoni nikasikiliza. Filamu ilimngoja. Nilitaka kuruka.

Kisha mpishi akampiga mtu kwa sufuria, watu wote wakapiga kelele, maikrofoni ikasikia, na filamu ikasimama sufuria ikiwa hewani. Wakacheka. Kwa kuwa wanacheka, ikaendelea kusimama. Okwera alikuwa wa kwanza kuelewa. Akainuka, akageukia wenzake na kuweka kidole mdomoni. Banda zima likanyamaza. Sufuria ikashuka. Wakashangilia, ikasimama tena.

Sehemu ya mwisho ya filamu waliicheza wao.

13 Aprili, Jumapili

Leo niliwaomba wateja wajizuie. Walijizuia vizuri sana. Kisha mvua ikaja juu ya mabati. Filamu ilidhani mvua ni Mzee. Iliingoja mvua mpaka ikaisha, sura ya mpishi ikiwa imefungua mdomo, na sisi wote tumekaa tunamtazama.

Mzee alisema kwenye maikrofoni, neno kwa neno, "Mvua... inasimulia. Mimi... napumzika." Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu arudi.

Odoch hakucheka.

16 Aprili

Nimeacha maikrofoni. Nimefikiri hivi: filamu haina haja ya kumsikia Mzee, maana kinachomchosha kinajulikana kabla hajafungua kinywa. Ni maandishi. Mstari mrefu unahitaji muda mrefu. Basi Lua iyatazame maandishi, ihesabu herufi, zikiwa nyingi ipunguze mwendo kidogo, zikiwa chache irudishe. Nimeiita kazi hiyo mngoje_mzee.

Iligoma mara ya kwanza. Ikaniandikia kwamba nimejaribu kupima urefu wa kitu kisichokuwepo. Ilikuwa kweli: wahusika wakinyamaza hakuna maandishi, nami sikuiambia ifanye nini pasipo na kitu. Nikaongeza mstari: kama hakuna, usipime.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Hatukufungua. Nilikwenda kanisani na Mama.

20 Aprili, Pasaka

Imefanya kazi na hakuna aliyejua. Filamu inapunguza mwendo taratibu sana, na sauti za wahusika hazibadiliki kuwa nzito. Mzee alifika mwisho wa kila mstari. Jambazi alimwita Okwera. Mke wa jambazi alimwita Mama Okwera. Mke halisi wa Okwera alikuwepo, akasema kwa sauti, "Ni yeye kabisa, hata tabia ya kulala na viatu!"

Wakati wa kutoka watu walimshika Mzee mkono, ule mzuri. Alinitazama juu ya vichwa vyao. "Ya bineya," alisema. Ndivyo Wanubi, watu wa kwao, wanavyomwita msichana. "Umeona? Mdomo... inarudi."

Nilisema, "Nimeona, Mzee."

Ningemwambia. Lakini ilikuwa Pasaka, na alikuwa na furaha.

22 Aprili

Mvua.

26 Aprili, Jumamosi

Safu zote zimejaa. Mama Kaltumi, mke wa Mzee, ameniletea gurusa za moto zilizofungwa kwenye kitambaa, ile mikate yao myembamba. Alisema Mzee anakula vizuri, anaswali msikitini tena, anasumbua watu nyumbani kama mtu mzima. "Mimi nilikuwa nimezoea kimya," alisema. "Sasa ananisimulia hata chai."

1 Mei, Alhamisi

Nimejua leo kwamba Mzee ameacha mazoezi. Kulikuwa na mwuguzi aliyemfundisha kupuliza mashavu, kuvuta ulimi, kusoma kwa sauti mbele ya kioo kila asubuhi. Nilimuuliza kwa nini ameacha. "Mtu mzima akipona," alisema, "anaendelea kumeza dawa ya nini?"

Nikarudi kwenye mashine na kuitazama faili yangu. Ni mistari michache tu. Nilidhani nimeiandika ili imsaidie azungumze. Kumbe inamwambia uongo kila jioni, kwa upole mkubwa, na mimi ndiye niliyeifundisha upole huo.

Nitamwambia wiki ijayo.

6 Mei

Mvua imeingia ndani. Tumeinua spika juu ya mabenchi. Sikumwambia.

10 Mei, Jumamosi

Barnabé amekuja kutoka Kisugu. Ana banda huko, kubwa kuliko letu, na Wakongo wengi. Alikaa nyuma, akamsikiliza Mzee mpaka mwisho, kisha akamwendea amefungua mikono yote miwili.

"Papa Kamis! Watu walisema umekufa mdomo. Mimi nasikia mdomo ya kijana! Njoo kwangu Jumamosi moja, nakuomba, watu yangu wakusikie."

Mzee alijibu papo hapo. Ile "ndiyo" yake haikuchelewa hata kidogo.

Odoch alikuwa mlangoni. Akasema Mzee akifanya vizuri Kisugu, habari za flashi zimekwisha, yeye mwenyewe atatafuta mteja wa kuzinunua.

14 Mei

Nilijaribu. Nilimwambia Mzee kwamba nimesikia mashine ya Kisugu ni mbovu. Akacheka. Nikasema pengine angoje mvua zipite. Akasema Kisugu haina mvua yake peke yake, ni hii hii.

Nimefikiri kunakili faili kwenye flashi na kwenda nayo. Nikampigia Barnabé kumuuliza anatumia programu gani. Hatumii programu. Anachomeka filamu moja kwa moja nyuma ya televisheni. Kwa hiyo faili yangu haina wa kuipokea huko. Bila mwenyeji wake, Lua ni maandishi tu.

Kesho lazima.

15 Mei

Mzee amenunua shati jipya la kwendea Kisugu. Jeupe, na mstari wa buluu kwenye kola. Alinionyesha vifungo. Amevifunga mwenyewe, kwa mkono wa kulia.

Sikuweza.

17 Mei, Jumamosi

Nimerudi kutoka Kisugu na nataka kuandika kila kitu kwa utaratibu, kwa sababu nikiandika vinginevyo nitajitetea.

Tulikwenda watatu, Mzee, Mama Kaltumi na mimi. Barnabé alituwekea viti na soda. Banda lilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Mzee aliomba filamu ya mpishi, kwa kuwa anaijua kama mfuko wake. Akapewa maikrofoni, akawasalimia kwa Kiswahili cha kwao, wakafurahi. Nilikaa nyuma yake. Nilijua kitakachotokea na nilikaa.

Mwanzo hakuna maneno mengi. Mpishi anakata vitunguu. Mzee alimpa jina la Barnabé, watu wakacheka. Kisha wakaingia wale ndugu watatu wa jambazi na kuanza kubishana. Televisheni haikumjua Mzee. Ilikwenda kama inavyokwenda kwa kila mtu. Nikaona bega lake likinyanyuka, kama mtu anayepanda ngazi akakuta imepungua hatua. Akauacha mstari mmoja, akaruka kwenye wa pili, ukawa umepita. Akajaribu kufupisha. Akajaribu tena. Kwenye skrini ndugu wawili walikuwa wameshachomwa visu, wamelala chini, na Mzee alikuwa bado kwenye maneno waliyosema mlangoni.

Kijana mmoja wa mbele akapaza sauti, "Mzee, hao wamekufa zamani, wewe bado unawasalimia!"

Banda zima lilicheka. Hawakuwa na ubaya. Ni mzaha ambao Okwera angeutoa, na Mzee mwenyewe angempigia makofi. Lakini Mzee aligeuka akatazama televisheni, si yule kijana. Aliitazama sana, kisha akanitazama mimi. Nadhani hapo ndipo alipojua.

Aliweka maikrofoni juu ya meza, taratibu, isipige kelele. Alisema, "Samahani," bila maikrofoni. Barnabé ni mtu mwema. Aliweka muziki haraka na kuwaambia watu umeme unasumbua, ingawa taa zilikuwa zinawaka.

Tulitoka. Mama Kaltumi alitangulia, akituachia nafasi. Mzee alikuwa anatembea kama siku ile ya kwanza, mkono mfukoni.

"Ile mashine ya Bugolobi," alisema. "Inafanya... nini?"

Nikamwambia. Maandishi, herufi, mwendo. Sikuacha kitu.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Alitembea kidogo. Matone yalikuwa yameanza. "Basi mimi," alisema, "sikupona." Nikangoja. "Mashine... ndiyo iliugua."

Nilisema nilitaka kumsaidia. Nilisema watu walikuwa wanafurahi, na hilo ni kweli. Hakujibu. Hata sijui kama alinyamaza kwa hasira au neno lilikataa kuja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sikuweza kutofautisha, na sikuwa na haki ya kuuliza.

18 Mei

Mzee hakuja. Flashi.

19 Mei

Flashi. Mvua.

20 Mei

Okwera aliuliza jambazi anaitwa nani siku hizi. Nikamwambia flashi haijui jina lake. Akanunua tiketi hata hivyo, akakaa, na hakusema kitu filamu nzima. Nilidhani amelala.

23 Mei, Ijumaa

Nilikwenda nyumbani kwao. Mama Kaltumi alinipokea uani, akiosha mchele.

"Amekasirika?" niliuliza.

"Sana."

"Na mimi?"

Alifikiri. "Na wewe kidogo. Na msikiti mzima, kwa sababu aliwatangazia amepona, wakamwombea dua ya shukrani. Na daktari, kwa sababu alimpigia simu kumwambia hana haja naye. Mwanangu, atawakasirikia mmoja mmoja. Wewe uko katikati ya foleni."

Nilicheka, kisha nikalia, yote mbele ya mchele wake. Akanisogezea sufuria nitoe mawe.

Kutoka ndani ya nyumba nilisikia sauti. Ilikuwa inapuliza, inanyamaza, inapuliza. Kisha ikasoma, polepole, maandishi ya kwenye kopo la maziwa.

"Kila asubuhi na sasa jioni," alisema Mama Kaltumi. "Usimwambie umesikia."

26 Mei, Jumatatu

Mzee alikuja mchana, kabla ya kufungua. Hakusalimu. Alivuta benchi mpaka kwenye meza yangu, akavaa miwani.

"Nionyeshe."

Nikafungua faili. Aliisoma yote, kidole kikipita chini ya kila mstari, kama anavyosoma filamu. Nilimweleza kila neno linaamrisha nini. Akafika kwenye jina.

"Mngoje Mzee," alisoma. "Umeipa... jina."

"Lazima iwe na jina, Mzee. Ndivyo inavyoitwa kufanya kazi."

"Nani anaiita?"

"Programu. Kila maandishi yakibadilika."

"Na mimi? Mimi naweza... kuiita?"

Nikamweleza kwamba ndiyo, kitufe chochote kinaweza kuiita, kama herufi M ilivyosema Shikamoo. Alivua miwani, akaifuta kwa shati. Ni lile shati la Kisugu.

"Ya bineya, sikiliza. Filamu kuningoja... si vibaya. Watu wameningoja tangu mwezi wa kwanza. Mke wangu ananingoja... kila neno. Lakini yeye najua ananingoja." Alipumzika. "Futa ile ya siri. Niandikie kitufe. Mimi nikisema simama... isimame. Nikisema nenda... iende. Mkono wangu. Mbele ya watu wote."

"Wataona, Mzee."

"Waone. Mimi niko na ugonjwa... sina wizi."

Nilifuta mbele yake. Nikaandika mpya, fupi kuliko ya kwanza. Alitaka jina libadilike pia. Sasa inaitwa mzee_amesema.

Wakati anaondoka aligeuka mlangoni. "Na ile ya Shikamoo," alisema, "iache."

30 Mei

Amechagua kitufe. Kibao kidogo cha namba kisicho na waya, kinachokaa kwenye kiganja cha kulia, kwa sababu mwuguzi amesema mkono huo ufanyishwe kazi. Kidole gumba kinatetemeka na filamu ikasimama na kwenda mara tatu kwa mpigo mmoja. Nimeiambia Lua: ukibonyezwa, usisikilize tena mpaka sekunde moja ipite. Nilimuuliza kwanza kama anataka. Alifurahi kuulizwa kuliko kupewa.

2 Juni

Mazoezi bila watu. Anasimamisha mno. Nikamwambia. "Nasimamisha... kwa sababu naweza," alisema.

4 Juni

Jua. Odoch ametazama mbingu asubuhi, akanitazama mimi. Amenipa flashi mpya ya filamu za mwezi huu na kuniambia niiweke karibu. Ijumaa ni Idi. Amesema atakuja mwenyewe, na siku hiyo ataamua.

6 Juni, Ijumaa, Idi

Banda lilijaa. Wanubi walishuka na watoto wamevaa mapya, Wakongo wakaja, Barnabé akaja kutoka Kisugu na yule kijana aliyetoa mzaha, ambaye alimpa Mzee mkono na kuinama sana. Okwera alikuwa safu ya mbele na mkewe. Odoch alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama gwaride.

Mzee aliinua kibao ili kila mtu akione. "Mdomo yangu," alisema, "iko pole. Hii... inaiambia filamu iningoje. Asiye na subira... mlango iko pale, na Odoch... harudishi pesa."

Wakapiga makofi. Filamu ilikuwa ya Kihindi, mama aliyepotelewa na mwanawe vitani. Mzee alisimulia, akasimamisha, akamaliza, akaachia. Watu walihangaika mwanzoni, kisha wakazoea. Kisha nikaona jambo ambalo sikuliandika kwenye faili. Alianza kusimamisha mahali ambapo hakuhitaji. Jambazi ameinua kisu, simama. Mzee anakunywa maji. "Okwera," anasema, "unataka kuua... mama wa watu? Siku ya Idi?" Okwera akasimama kujitetea mbele ya banda zima, mkewe akamvuta shati.

Karibu na mwisho mlango wa nyumba unagongwa. Mama anafungua, ni mwanawe. Maandishi yalikuwa mafupi kabisa, maneno mawili ya Kiingereza, yaani umekuja. Mzee akabonyeza. Filamu ikasimama, mama ameshika mlango, hajaanza kulia.

Tukangoja. Mdomo wa Mzee ulifunguka, ukafungika. Nikadhani ni mzaha mwingine. Kisha nikaona bega lake likinyanyuka, vilevile kama Kisugu. Neno lilikuwa limemkataa. Odoch aliona pia; alitoa mikono nyuma.

Nilitaka kukimbilia mashine. Nilikaa.

Mzee alileta maikrofoni karibu. "Sina... neno," alisema. "Umekuja... ni ndogo. Huyu ni mama. Nyinyi... angesema nini?"

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Umerudi, mwanangu." Mzee akatikisa kichwa. Barnabé akasema, "Karibu nyumbani!" Mzee akatikisa kichwa. Okwera akasema, "Ulikuwa wapi, mjinga wewe?" na watu wakacheka, na Mzee akafikiria hilo kwa muda. Maneno yakaanza kutoka kila upande, Kinubi, Kiacholi, Lingala, watoto nao. Mzee alikaa katikati yao, anapokea, anakataa, hana haraka hata kidogo, na yule mama juu ya skrini alikuwa bado ameshika mlango.

Ndipo Odoch aliposema, kutoka mlangoni, kwa sauti ya kuamrisha kikosi, "Chakula iko."

Watu waligeuka. Odoch alikuwa ametazama miguu yake. "Mama yangu," alisema, "mimi nilitoka vitani, yeye alisema hiyo tu. Chakula iko."

Mzee alimtazama Odoch. Akageukia skrini, akabonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Mlango ukafunguka wote, mama akafungua kinywa, na Mzee akasema kwa sauti ya mwanamke mzee aliyechoka, bila kukwama popote: "Chakula iko."

Mke wa Okwera alilia kwa sauti. Okwera alijifanya anafunga kamba za viatu.

Watu walipokuwa wanatoka, Odoch alipita kando ya meza yetu. Hakuzungumzia mvua. Alisema, "Mzee, kesho picha mbili. Ya kwanza saa nane. Usichelewe."

Mzee alikuwa anazungusha waya wa maikrofoni. Hakuinua kichwa.

"Nitachelewa," alisema. "Wewe... ngoja."